Begi la skii la safari ya siku moja: lita ngapi, na je, puto ni lazima?

"Nimeteleza kwa skii kwenye vituo kwa miaka kadhaa. Msimu huu mimi na mwenzangu tumeanza kupanda wenyewe nje ya vituo, safari za siku moja, tunatoka alfajiri na kurudi jioni. Mimi natumia skii, yeye ana ubao wa theluji wa kugawanyika. Nina begi la kupandia milima la lita 45 ambalo nimelizoea, ila nikianza kushuka linanivuta huku na huku, na nikifika chini mabega yananiuma. Rafiki yangu mmoja anasema nisinunue begi lolote lisilo na puto la maporomoko, lile linalojazwa hewa theluji ikikukamata, eti mengine yamepitwa na wakati. Mwingine anasema lita 20 zinatosha kabisa. Pesa niliyonayo ni ya begi moja zuri, na bado hatujanunua transiva, ile ya kumtafutia aliyefukiwa, wala beleshi. Nilifikiri nikiwa na puto, hivyo vingine vinaweza kusubiri msimu ujao. Mimi ni mfupi, na mabegi mengi hunifika kwenye makalio. Nichukue lipi?"

Umeuliza mambo matatu kwa mpigo: ukubwa wa begi, namna linavyokaa mwilini, na puto. Nitayajibu yote. Lakini kuna sentensi moja katika swali lako ambayo siwezi kuiruka, nayo ni ile ya transiva na beleshi kusubiri msimu ujao. Hapana, ndugu yangu. Hivyo ndivyo vinavyotangulia. Begi ndilo linaloweza kusubiri, na puto linaweza kusubiri zaidi.

Tuanze hapo, kwa sababu ukishaelewa kwa nini, nusu ya uchaguzi wa begi itakuwa imekwisha.

Mtu anayefukiwa na poromoko la theluji kwa kawaida hauawi na baridi. Anakosa hewa. Theluji iliyoporomoka hushikamana ikisimama, na aliye chini yake hawezi kujichimbua, mara nyingi hawezi hata kusogeza mkono. Hewa anayoitoa hurudi usoni pake mwenyewe. Utafiti wa matukio ya Uswisi uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba wanaofukuliwa ndani ya dakika 10 za kwanza huokoka kwa zaidi ya asilimia 90, kisha idadi inaporomoka kwa kasi ya kutisha. Ukifika nusu saa, wengi wameshakufa. Sasa piga hesabu: simu ipatikane, helikopta iruke, waokoaji wafike. Hakuna mahali pengi duniani ambapo hayo yanafanyika kwa dakika 10. Mwokoaji wa mwenzako ni wewe, na mwokoaji wako ni yeye. Hakuna mwingine atakayewahi.

Ndiyo maana kila anayepanda nje ya vituo hubeba vitu vitatu. Transiva ni kiredio kidogo kinachovaliwa kifuani, ambacho muda wote kinatuma mawimbi ya kilohetsi 457, na kikigeuzwa kinatafuta mawimbi ya mwingine. Kampuni zote hutumia masafa hayo hayo, kwa hiyo yako itamwona mwenzako hata kama mmenunua chapa tofauti. Ufito ni ule mrefu unaokunjika, wa sentimita 240 au zaidi, wa kuchomea theluji mpaka uguse mtu. Beleshi ni la kumchimbua. Na liwe la alumini, kwa sababu theluji ya poromoko si ile laini uliyoizoea: mita moja ya ujazo inaweza kuwa na uzito wa kilo 300 hadi 500, na bapa la plastiki huvunjika pale pale unapolihitaji.

Angalia basi kinachotokea ukinunua puto peke yake. Puto linapunguza uwezekano wa kufukiwa, haliuondoi. Likikushinda ukafukiwa huna transiva, mwenzako anasimama juu ya uwanja mzima wa mabonge ya theluji bila kujua aanzie wapi. Na akifukiwa yeye, puto lililo mgongoni mwako halimsaidii chochote. Beleshi ulilobeba si lako, ni la mwenzako. Lako limo katika begi lake. Kwa hiyo hesabu ya pesa zenu ianze na seti mbili kamili za vitu vitatu, moja kwa kila mtu, kabla hamjatazama begi lolote dukani.

Sasa begi lenyewe. Ukishajua kwamba mnashindana na dakika, utaona kwamba begi la skii linatofautiana na begi lako la kupandia milima kwa jambo moja kubwa kuliko mengine yote, nalo ni mfuko wa zana za uokoaji. Huu ni mfuko wa peke yake, kwa kawaida upande wa mbele, una zipu yake yenye kivutio cha rangi kali, na ndani una vijifuko viwili vyembamba: kimoja cha mpini wa beleshi, kimoja cha ufito. Bapa la beleshi hukaa katikati. Humo haliingii koti, haziingii glavu, hauingii mkate. Ukifungua zipu moja, zana zote ziko mbele ya macho yako, hakuna cha kuondoa kwanza.

Katika begi lako la lita 45 zana zingekaa wapi? Ama ndani, chini ya kila kitu, na wakati wa hatari ungeanza kumwaga nguo kwenye theluji inayotelemka. Ama nje, zimefungwa kwa kamba. Hilo la pili naliona mara kwa mara na linanikasirisha. Beleshi lililofungwa nje linaweza kung'olewa na poromoko lenyewe, likipita kwenye miti litanasa matawi, na ukianguka vibaya ni bapa la chuma karibu na shingo yako. Beleshi hukaa ndani.

Nenda dukani na beleshi lako na ufito wako mkononi, usikubali kupima kwa macho. Mabegi mafupi, hasa haya yaliyotengenezwa kwa watu wa kimo chako, wakati mwingine hayapokei mpini mrefu au bapa pana, na ufito uliokunjwa ni kama sentimita 40 au zaidi kidogo. Vitie. Funga zipu. Kama unalazimika kuvuta kwa nguvu au kuulaza ufito mshazari, hilo si begi lako. Kisha vaa glavu zako nzito za skii, zile halisi za siku ya baridi kali, livue begi mgongoni, fumba macho, utoe zana na uziunge. Ukishindwa kukishika kivutio cha zipu kwa glavu, kitakushinda zaidi mlimani mikono ikitetemeka. Tazama pia kama sehemu ya chini ya mfuko huo ina tundu la kutolea maji, kwa sababu beleshi huingia na theluji na theluji itayeyuka. Jambo dogo, lakini mfuko usio na tundu utakulowanishia kila kilicho jirani.

Kuhusu lita, marafiki zako wote wawili wamekosea, ila kwa njia tofauti. Kwa safari ya siku moja watu wengi wanaangukia kati ya lita 25 na 35, na kwa maelezo yako mimi ningekuelekeza kwenye 30 au 32. Idadi hiyo inatokana na vitu vyenyewe. Ukitoa zana za uokoaji, unabeba koti nene la manyoya au la nyuzi kwa ajili ya kusimama, glavu za akiba, miwani ya theluji, helmeti unapopanda, maji lita moja au moja na nusu, chakula, taa ya kichwani, sanduku la huduma ya kwanza, vifaa vya kutengenezea vitu vikivunjika (mikanda ya mpira, utepe, waya, bisibisi), turubai jepesi au mfuko wa dharura wa kumfunika majeruhi, na zile ngozi za kupandia unazozibandua chini ya skii ukifika juu. Ngozi hizi wengi huzisahau wanapopima begi kwa sababu asubuhi ziko chini ya miguu. Mchana zinarudi begini, zimelowa, zimenenepa. Mkianza kwenda kwenye barafu yenye nyufa, mkahitaji kamba, mkanda wa kujifungia na shoka la barafu, ndipo lita 35 hadi 40 zinakuwa na maana.

Wa lita 20 anakudanganya bila kukusudia. Vitu vyake vinaingia, ndiyo, lakini tazama nje ya begi lake: helmeti inaning'inia, koti limebanwa chini ya mkanda, na pengine sanduku la huduma ya kwanza limeachwa nyumbani. Na tahadhari moja: lita zilizoandikwa kwenye lebo hujumlisha mfuko wa zana, na katika mabegi ya puto mfumo wenyewe hula lita kadhaa za nafasi. Begi la puto lililoandikwa 30 si sawa na begi la kawaida la 30.

Na lako la 45 linakuvuta kwa nini? Si kwa uzito. Linakuvuta kwa sababu halijajaa. Vitu vinashuka chini ya begi na kusogea mbali na mgongo, kisha unapokata kona kiwiliwili chako kinageuka kwanza na mzigo unafuata nyuma ukiwa umechelewa. Kila kona unaikata mara mbili, moja yako na moja ya begi. Begi la skii ni jembamba na bapa, lina mikanda ya pembeni ya kulikaza mpaka vitu vitulie, na mgongo wake una ubao au fremu nyepesi inayolizuia lisijikunje. Vitu vizito, yaani maji na sanduku la vifaa, viweke karibu na mgongo, usawa wa katikati. Koti jepesi liende mbali. Hata begi zuri likipakiwa ovyo litakuyumbisha.

Sasa mabega yako. Umeandika kwamba wewe ni mfupi na mabegi hukufika kwenye makalio, na naona hapo ndipo ugonjwa ulipo, kwa sababu kipimo cha begi si kimo cha mtu bali ni urefu wa mgongo. Inamisha kichwa mbele, utahisi kifundo cha mfupa kinachotokeza pale shingo inapokutana na mabega. Weka mikono kiunoni, vidole gumba vikielekea nyuma juu ya mifupa ya nyonga. Mtu apime kwa futi ya kitambaa kutoka kwenye kile kifundo mpaka kwenye mstari unaounganisha vidole gumba. Kipimo hicho ndicho unachokilinganisha na jedwali la mtengenezaji. Watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kutofautiana kwa sentimita kadhaa.

Begi likiwa refu kuliko mgongo wako, mkanda wa kiunoni unashuka chini ya mifupa ya nyonga, unakosa cha kushika, na uzito wote unarudi mabegani. Ndiyo maumivu yako hayo. Pia unabana mapaja unapoinua mguu kupanda. Linalokufaa ni begi ambalo mkanda wake unazunguka juu ya mifupa yenyewe, siyo tumboni wala siyo makalioni, na mikanda ya mabegani inazunguka bega bila kuacha uwazi. Kampuni nyingi hutoa saizi mbili za mgongo, au toleo la wanawake lenye mgongo mfupi na mikanda ya mabegani iliyopinda zaidi. Usijali jina lililoandikwa kwenye lebo, jali linavyokaa. Nawajua wanaume wafupi wanaovaa toleo la wanawake, na nawajua wanawake warefu wasiolitaka.

Lipime likiwa na mzigo. Duka lenye wahudumu wanaojua kazi litakupa mifuko ya mchanga au kamba za kutia ndani; kama hawana, tia vitu vyako mwenyewe mpaka lifike kilo 7 au 8. Lipime juu ya koti unalovaa mlimani, siyo juu ya fulana. Inama, geuka kwa nguvu kushoto na kulia, inua goti mpaka kifuani, tazama juu ukiwa umevaa helmeti. Kama helmeti inagonga begi ukitazama juu, utakuwa unateremka ukiona theluji ya mita tano mbele yako tu. Na kama maumivu ya mabega yanaendelea hata kwa begi linalokukaa vizuri, au mkono unakufa ganzi, au vidole vinachomachoma, hayo si ya muuza mabegi tena. Mwone daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo, kwa sababu mishipa ya fahamu inayopita chini ya mtulinga hubanwa, na mikanda ya begi ikiongezea hali inakuwa mbaya.

Tukija kwenye kubeba skii zenyewe: zipo sehemu ambazo utazivua na kutembea kwa miguu, kwenye miamba au mteremko mkali kupita kiasi kwa ngozi. Mabegi hutoa njia mbili. Ya kwanza ni mshazari: skii zote mbili zimefungwa pamoja, mkia unaingia kwenye kitanzi cha chini upande mmoja, ncha inakazwa juu upande wa pili. Ni haraka, na inafaa kwa matembezi mafupi. Ya pili ni skii moja kila ubavu, ncha zikiunganishwa juu kwa umbo la paa. Uzito unagawanyika vizuri, lakini ukipita kwenye miti utanasa, na mikia inaweza kukugonga nyuma ya miguu, hasa wewe mfupi. Kwa vyovyote, kingo za skii ni chuma chenye makali, kwa hiyo kitanzi cha chini kiwe cha kitambaa kigumu cha mpira au kilichoshonwa mara mbili. Utepe mwembamba wa nailoni utakatika kabla msimu haujaisha. Na muhimu: skii zikiwa zimefungwa, je, mfuko wa zana bado unafunguka? Kuna mabegi ambayo mkanda wa skii unapita juu ya zipu hiyo. Yaache.

Mwenzako wa ubao ana mahitaji yake na asinunue begi kwa kukuiga. Anapopanda, ubao wake umegawanyika vipande viwili anavyovitumia kama skii, na hakuna cha kubeba. Anaposhuka, ameuunganisha, na sasa ana fimbo mbili ambazo hazihitaji. Kwa hiyo anahitaji fimbo za kukunjika vipande vitatu, na begi lenye mahali pa kuzitia ndani au kuzibana ubavuni zisitokeze juu. Akilazimika kutembea na ubao mgongoni, atahitaji mikanda miwili ya kuubeba wima, na ajue kwamba siku ya upepo ubao huo ni tanga. Wako wanaotumia ubao mzima na viatu vya theluji badala ya ule wa kugawanyika. Hao ndio wanaobeba ubao muda wote wa kupanda, na kwao mfumo wa kubebea una uzito kuliko kitu kingine chochote katika uchaguzi.

Haya, puto. Rafiki yako si mjinga. Kifaa hiki kinaokoa watu kweli, na napenda ueleweke utendaji wake ili usikiabudu wala usikidharau.

Vuta mpini ulio kwenye mkanda wa bega, na puto la lita 150 hivi linajaa ndani ya sekunde chache nyuma ya kichwa au pande mbili za mgongo. Watu hudhani linaelea kama boya majini. Sivyo. Theluji inayoporomoka ni mchanganyiko wa chembe na mabonge yanayotembea, na katika mchanganyiko wa aina hiyo vitu vikubwa husukumwa juu na vidogo hushuka kupitia nafasi zilizobaki. Tikisa debe lenye mchanga na kokoto chache uone kokoto zinavyopanda. Puto linakufanya uwe kokoto kubwa. Lakini ili hilo litokee, theluji lazima iwe inatembea, na iendelee kutembea kwa umbali fulani. Ukikamatwa chini kabisa ya mteremko na theluji ikasimama ghafla, au ukasukumiwa kwenye korongo na poromoko likajaa juu yako, puto halina muda wala nafasi ya kufanya kazi yake. Wala halikukingi na miti na majabali: katika takwimu za Kanada, karibu robo ya waliokufa kwenye maporomoko waliuawa na majeraha.

Kampuni ya Kijerumani ya ABS ndiyo iliyoleta begi la kwanza la aina hii sokoni mwaka 1985, kwa hiyo kuna miaka mingi ya matukio ya kuchunguza. Uchunguzi ninaouamini zaidi uliongozwa na Pascal Haegeli na kuchapishwa mwaka 2014, ukitumia matukio ya nchi kadhaa za Ulaya na Amerika Kaskazini. Kati ya watu waliokamatwa vibaya na maporomoko makubwa ya kutosha, vifo vilikuwa asilimia 22 kwa wasio na puto lililojaa, na asilimia 11 kwa walio nalo. Nusu. Ni faida kubwa, lakini linganisha na yale unayoyasikia kwa wauzaji. Na uchunguzi huo huo ulikuta kwamba katika mara moja kati ya tano puto halikujaa kabisa, na sababu kubwa ilikuwa mvaaji hakuuvuta mpini. Hakuwahi, au mpini ulikuwa bado umefichwa ndani ya mfuko wake, au mkono ulimganda kwa hofu.

Kwa hiyo anayenunua puto ananunua na kazi ya kujizoeza. Mpini utolewe kabla ya kuingia mteremko wenye hatari, na urudishwe mafichoni ukipanda lifti ya viti au helikopta. Mkanda wa katikati ya miguu ufungwe kila mara. Bila huo begi huvutwa juu na kukutoka kichwani, au kukukaba shingo. Watu huuacha kwa sababu unakera. Skii zifungwe kwa njia aliyoelekeza mtengenezaji tu, kwa sababu katika mabegi mengi ile ya ubavu kwa ubavu huziba njia ya puto. Begi lote huwa na kilo 2 hadi 3 na nusu likiwa tupu, wakati la kawaida la lita 30 ni kilo moja au moja na kitu. Kwa mtu mwenye mwili mdogo tofauti hiyo ataihisi kwenye mita elfu moja za kupanda, na mtu aliyechoka huamua vibaya.

Aina ni mbili. Yapo yanayojazwa na mtungi wa gesi iliyoshindiliwa, mepesi kiasi, ila ukishalifyatua unahitaji mtungi mwingine au kuujaza upya, jambo linalowafanya watu wasijizoeze. Na yapo ya feni ya umeme, ya betri au kapasita, ambayo unaweza kuyafyatua nyumbani mara nyingi upendavyo. Kama unasafiri kwa ndege, ya umeme yana usumbufu mdogo. Mtungi uliojaa unahitaji ruhusa ya shirika la ndege, na Marekani hauruhusiwi kabisa kupita ukiwa umejaa. Uliza kabla ya kufika uwanjani.

Swali moja jiulize kwa uaminifu kabla ya kulipia: nikilivaa, nitaingia kwenye mteremko ambao bila hilo nisingeingia? Kama jibu ni ndiyo, au hata pengine, puto limeshakula faida yake lenyewe. Maporomoko mengi yanayowakamata wapanda skii huanzishwa na wao wenyewe au mtu wa kundi lao, kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Kuiepuka miteremko hiyo siku ambayo tathmini ya hatari ni mbaya kunaokoa kuliko begi lolote.

Kwa pesa mlizonazo, basi, ningefanya hivi: transiva, ufito na beleshi kwa kila mmoja, kisha kozi ya maporomoko, kisha begi la kawaida la skii la lita 30 lenye mgongo mfupi na mfuko wa zana uliojaribiwa kwa glavu. Puto liwe la msimu utakaofuata. Ukipenda njia ya katikati, yako mabegi yanayouzwa bila mfumo wa puto lakini yametengenezwa kuupokea baadaye, mradi uhakikishe mfumo huo unauzwa peke yake. La mitumba silikatazi, ila sharti lipelekwe kwa fundi anayetambuliwa na kampuni, mtungi ukaguliwe tarehe yake, na uangalie kama toleo hilo liliwahi kurudishwa kiwandani kwa kasoro.

Mambo madogo, haraka haraka. Mgongo wa begi uwe wa sponji laini lisiloshika theluji. Ule wavu wa kupitisha hewa ulioko kwenye begi lako la kiangazi hujaa theluji na kuyeyukia mgongoni. Zipu inayofunguka upande wa mgongo ni nzuri, kwa sababu begi unalilaza kifudifudi na upande utakaouvaa unabaki mkavu. Mrija wa maji huganda hata ukiwa umefunikwa, labda uyarudishe maji kwa kupuliza kila unapokunywa; mimi nabeba chupa na thamosi. Vile vibati vya kuakisi rada vinavyoshonwa kwenye mabegi, vya RECCO, husaidia waokoaji wenye mitambo yao, na havichukui nafasi ya transiva. Transiva yenyewe haiwekwi begini kamwe. Inavaliwa mwilini, na simu, betri ya akiba na glavu za umeme zikae angalau sentimita 20 kutoka kwayo inapotuma, 50 inapotafuta. Kwa hiyo mahali pa simu ni begini au mfuko wa suruali, siyo kifuani.

Mimi naweza kukueleza begi kwa maandishi. Kutafuta kwa transiva, kuchoma ufito kwa mpangilio, kuchimba kwa zamu na kusoma mteremko hakufundishiki hivyo. Tafuteni kozi ya msingi ya maporomoko inayofanyika mlimani na mkufunzi aliyeidhinishwa. Ya ngazi ya kwanza kwa kawaida ni siku tatu hivi. Nendeni wawili pamoja, kila mtu na begi lake likiwa limepakiwa kama siku ya safari, na mwombeni mkufunzi awapime muda tangu anaposema "amefukiwa" mpaka beleshi la kila mmoja limeungwa na liko mkononi. Kabla ya kozi hiyo, pandeni kwenye miteremko ya chini ya nyuzi 30 isiyo na mteremko mkali juu yake, au mkodishe mwongoza njia.